Ng'ombe wa Ukutani

Mwalimu wa darasa nililopewa wakati wa mazoezi ya kufundisha alikuwa mzee wa Kimeru mwenye koti la kijivu ambalo hakulivua hata jua la Isiolo likiwaka vipi. Kila aliponikuta nimeinamia laptopu katika ofisi ya walimu alitikisa kichwa na kuniambia, "Madam, mchagua jembe si mkulima." Kisha aliokota kipande chake cha chaki akaenda kufundisha, na watoto walimwelewa. Hilo ndilo lililonikera, kuliko hata methali yenyewe.

Nilikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu, nimetumwa kufanya mazoezi katika shule ya msingi ya mtaa jirani na kwetu. Kwetu ni Bulla Pesa. Babu wa baba yangu aliletwa huku na jeshi la Mwingereza, akastaafu, akabaki, na tangu hapo ukoo wetu umekuwa wa maduka na malori. Mimi ndiye wa kwanza nyumbani kutaka ualimu, na mama yangu alikuwa amekwisha kuutangazia mtaa mzima kwamba binti yake ni mwalimu. Hakungoja chuo kiseme hivyo.

Chuo nacho kilikuwa na maneno yake. Mkufunzi wa kunitahini alipokuja mara ya kwanza nilikuwa nafundisha kwa mchezo wa maswali wa mtandaoni, ule ambao watoto hujibu kwa tableti huku muziki ukiwaharakisha. Tableti zilikaa kwenye sanduku la chuma ofisini kwa mwalimu mkuu, na nilikuwa nimeusumbukia ufunguo wake mpaka karani akawa ananikwepa. Swali la kwanza lilitokea, watoto wakapiga kelele za furaha, mtandao ukapotea. Tulibaki tunatazama kiduara kinachozunguka hadi kengele ikalia. Mkufunzi alinipa alama za kunihurumia, akaniambia bila kuficha kwamba atarudi mara moja tu. Nikianguka tena, nitarudia mazoezi muhula mzima, hapahapa, huku wenzangu wakihitimu. Nilienda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kufundisha Kiswahili.

Mtu mwenye akili timamu angerudi kwenye chaki. Mimi nina kichwa kigumu, na yule mzee na methali yake walikizidishia ugumu. Kila alasiri nilikaa katika ofisi ya malori ya baba, ambako mtandao ulikuwa na nguvu, nikajaribu kila chombo cha kufundishia nilichosikia kinasifiwa. Kulikuwa na kimoja cha kutengeneza katuni zinazozungumza. Nilikiomba mwalimu wa kike wa kufundisha majira ya mwaka, kikanipa dada mmoja mwenye sauti ya puani anayeeleza namna ya kuvaa glavu wakati wa theluji. Kingine kilitunga maswali chenyewe, na swali lake la kwanza lilimtaka mtoto aeleze angebadilisha treni wapi chini ya ardhi. Nilicheka peke yangu hadi dereva mmoja wa baba akachungulia dirishani kuona kama niko sawa.

Lakini nilipokwisha kucheka nilianza kuwaza. Kila chombo kilikuwa kimetengenezwa na mtu ambaye alikuwa na mtoto fulani kichwani, na mtoto huyo alikuwa na chumba chake, baiskeli yake na theluji yake. Watoto wangu hawakuwamo. Sikutaka kuwaingiza kwa nguvu katika maisha ya mtoto mwingine kisha nidai kwamba wamefundishwa kidijitali.

Ndipo nikaifungua ramani ya picha za setilaiti. Nilitafuta Isiolo, nikasogeza, nikauona uwanja wa ndege, kisha msikiti, kisha paa letu, na lori la baba limeegeshwa nje. Nilimwita mama. Alitazama kwa muda, akauliza ni nani aliyepanda juu kutupiga picha bila ruhusa, halafu akasema, "Mbona hapo tenki ya maji ni ile ya zamani? Si tulishaitoa?" Ni kweli. Picha ilikuwa ya nyuma. Mji uliokuwa kwenye kioo ulikuwa Isiolo ya miaka iliyopita, na sisi tulikuwa tumeshaendelea mbele.

Nikapanga somo langu la mwisho juu ya ramani hiyo, Somo la Jamii, Gredi ya Tano. Mkufunzi wetu alipenda malengo yanayopimika, basi nikaandika katika andalio la somo kwamba watoto watatambua vitu kwenye picha, watavieleza, na hatua ya tatu watavihesabu. Nililipenda sana neno kuhesabu. Hakuna mtahini anayeweza kubishana na hesabu. Safari hii nilihifadhi picha za mji mapema ili mtandao usiniaibishe mara ya pili.

Katika darasa hilo kulikuwa na msichana aliyetoka Biliqo, mbali huko kwenye nchi ya wafugaji, aliyeletwa kukaa na shangazi yake mtaa wa Kiwanjani baada ya kiangazi kile kikali. Alikuwa mrefu kuliko wenzake, aliandika vizuri, na tangu nifike hapo sikuwahi kumsikia akizungumza darasani. Nikimuuliza swali alitazama dawati. Wenzake wa mjini walisema wazi, tena mbele yake, kwamba kwao hakuna kitu na kwamba amefuata chakula cha shule. Niliwakemea, wakanyamaza, na niliposogea mbali wakasema tena.

Siku ya mtihani wangu ilifika. Nilifunika madirisha kwa leso za mama, nikawasha projekta, na Isiolo ikatokea ukutani. Mkufunzi alikuwa nyuma ya darasa na karatasi zake, mwalimu wa darasa kando yake, koti mwilini. Watoto walilipuka. Kila mmoja alitaka kwao. Walitambua soko, barabara kuu, shule yenyewe, mti wa nyuma ya choo. Walieleza vizuri kuliko nilivyotarajia, na nilimwona mkufunzi akiandika huku anatabasamu. Moyo wangu ukaanza kutulia. Mtandao nao siku hiyo ulikuwa hodari, na hapo nikajiamini kupita kiasi. Nikauliza, "Nani ana nyumbani kwingine, nje ya mji?"

Mkono ulioinuka ulikuwa wa yule msichana.

"Biliqo," alisema.

Darasa zima liligeuka kumtazama. Nilitafuta Biliqo, ramani ikavuka nchi kavu, ikatua. Nilidhani ataridhika kuona mabati ya kituo cha maduka. Akasimama. "Mwalimu, endelea. Hapana, rudi kidogo. Fuata hiyo laga," akanionyesha mkondo mkavu wa mto. Niliufuata. Kwa macho yangu kulikuwa na mchanga na vichaka tu, na vichaka vingine baada ya hivyo. Yeye aliniongoza bila kusita, hadi ukatokea mviringo mweusi ardhini, ua wa miiba, na ndani na nje yake vidoadoa vyeupe.

"Hapo ni kwetu," alisema. "Hiyo ni ng'ombe yetu."

Wale waliokuwa wakimcheka walikaza macho. Vidoadoa vilikuwa vingi. Mimi nilifurahi kwa namna ambayo sasa inanishangaza: nilifurahi kwa sababu hatua ya tatu ilikuwa imejileta yenyewe. "Vizuri sana," nikasema. "Haya darasa, tuhesabu." Mvulana wa mbele alianza, moja, mbili, na wengine wakamfuata kwa sauti ya kuimba, kama tulivyowazoesha.

Msichana alitoka kwenye dawati lake akaenda kusimama mbele ya ukuta, akiwa ametuelekea. Picha yote ikamwangukia, boma na vichaka na ng'ombe, juu ya sare yake na hijabu yake nyeupe.

"Msihesabu," alisema. "Mali ya watu haihesabiwi."

Baadhi walicheka. Watoto wa Kiborana, wa jamii yake ya wafugaji, hawakucheka, walishusha macho. Na mimi nilisimama pale na rimoti mkononi nikimsikia mama yangu. Nyumbani kwetu mtu akimuuliza ana watoto wangapi, hujibu kwamba Mungu amejalia, akabadilisha mazungumzo. Shangazi yangu mmoja alimfokea mgeni aliyekuwa akituhesabu kwa kidole wakati wa chakula. Nilikuwa nimelelewa na jambo hilo, kwamba kuhesabu baraka ni kuziitia balaa, nalijua kama ninavyojua njia ya kwetu, ila halikuwa limenijia kwa sababu waliokuwa ukutani hawakuwa ng'ombe machoni pangu. Walikuwa alama zangu.

"Mwalimu," mkufunzi alisema kwa upole kutoka nyuma, "endelea na hatua ya tatu."

Nilifungua mdomo kumwambia msichana akae. Nasema ukweli, maneno yalikuwa yameshafika kwenye ulimi. Lakini yeye aligeukia ukuta, akagusa kidoa kimoja kilichokuwa mbali na vingine.

"Hii ni Buure," alisema. "Ako na madoadoa. Anapenda kukaa kando. Hata maji anakunywa peke yake."

"Umejuaje?" mvulana wa mbele akamuuliza, bila kejeli.

"Si ng'ombe yetu?" Alishangaa kuulizwa. Akagusa kingine. "Hii imelala kwa mlango ni ya mama. Mama akitoka inaamka. Hii ni mtoto yake. Hii ilikuwa inapiga watu."

"Sasa ziko wapi?"

"Ziliisha," alisema. "Hiyo kiangazi. Hii ya mama ndio ilianza." Akaendelea, kidole kikitembea ukutani, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na tabia yake na siku yake ya kuanguka. Hakutaja idadi hata mara moja. Hakulia. Alizungumza zaidi katika kipindi kile kuliko muhula wote hadi siku hiyo, na hakuna aliyecheka. Mimi nilikaa kwenye dawati la mbele, nimebanana na watoto, rimoti mapajani, na nikasahau kwamba nilikuwa natahiniwa. Kengele ilipolia alikuwa bado ameshika ukuta.

Baadaye mwalimu wa darasa aliniambia kwamba hakuna binadamu anayeweza kumtambua ng'ombe kutoka mbinguni, kwamba vile ni vidoa tu na pengine baadhi yake ni mawe. Huenda ni kweli. Nimelifikiria sana. Nadhani mfugaji hahitaji kuhesabu kwa sababu anawajua, na akiwajua, anaona pengo kabla hajaona idadi. Ile ramani ilimpa vidoa, wanyama wenyewe alikuja nao. Chombo chochote cha kufundishia, nadhani, kinaweza kufika hapo tu.

Mkufunzi aliniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, na ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa.

"Somo lilinigusa," alisema. "Lakini mimi natahini andalio. Lengo lilikuwa wahesabu. Walihesabu?"

"Hawakuhesabu."

"Ungerudi mjini ukahesabu mapaa. Muda ulikuwepo. Kwa nini hukurudi?"

Alikuwa ananifungulia mlango, nililijua hilo. Ningeweza kusema niliduwaa, niliogopa, mtandao ulisumbua. "Alikuwa hajamaliza," nikasema.

Alinitazama, akaandika. Kisha aligeuza karatasi ili nitie sahihi, na hapo chini ilisema nirudie mazoezi muhula ujao. Nilitia sahihi. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia msichana na ng'ombe wake, nikajikasirikia mimi zaidi kuliko wote. Nilifikiria wenzangu na majoho yao. Nilifikiria namna nitakavyopita mbele ya maduka ya Bulla Pesa, na mama yangu akitafuta la kuwaambia majirani aliowatangazia. Sikuona ushujaa wowote katika nililofanya. Nilijiona mjinga.

Mwalimu wa darasa alinisaidia kukunja nyaya za projekta. Siku hiyo hakunipa methali. Alinimiminia chai, akaongeza sukari bila kuniuliza, akaketi kando yangu hadi nikaimaliza.

Nilipotoka nilimkuta msichana barazani, ameshikilia leso za mama alizokuwa amezitoa madirishani na kuzikunja vizuri. Watoto wa shule ile walikuwa wamezoea wanachuo kama mimi, na walijua kwamba mkufunzi akija mara ya mwisho, mwalimu huyo huondoka.

"Salaam aleikum, mwalimu."

"Aleikum salaam."

"Wanasema umemaliza. Utaenda?"

"Sijamaliza," nikamjibu. Sauti yangu ilikuwa kali, na sehemu fulani yangu ilitaka aisikie ukali huo. "Nimeambiwa nirudi muhula ujao."

"Alhamdulillahi," alisema, na uso wake wote ukafunguka. "Kuna zingine sijakuambia."