Mwendwa Wawili, Mashine Moja

Mashine ilimpeleka sistangu shule ya bweni ya wavulana.

Sio stori ya kuambiwa. Mimi ndio nilikuwa nimeshika simu, kwetu Waithaka, tukingoja meseji ya kupangiwa shule ya Gredi ya Kumi. Mwendwa akasoma, akanirudishia.

"Kanini, hii shule si ya maboi?"

Mimi niliishia darasa la nane. Huyu nilikuwa nimeapa hataishia hapo.

Tukaenda tao. Foleni ya ofisi ya elimu ilikuwa imeshuka ngazi hadi nje. Karani hata hakuinua macho.

"Mlichagua wenyewe."

"Nichague shule ya wavulana aje, mkubwa?"

"System haikosei, madam. Kaeni pale."

Tukakaa. Tukarudi tena, tukakaa. Mara mtandao umelala, mara mwenye password ako mkutano. Mimi najua kungoja, lakini shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa.

Halafu siku moja karani akaita, "Mwendwa Mutie."

Wakasimama wawili.

Sistangu, na boi mrefu aliyekuja na mamake, Stellah wa Dagoretti. Kwetu Ukambani Mwendwa ni mpendwa tu, awe msichana, awe mvulana. Haijawahi kutusumbua.

"Wewe walikupeleka wapi?" nikamuuliza boi.

Akaangalia viatu vyake. "Ya wasichana."

Foleni yote ikacheka. Mzee mmoja akamwambia, "Kijana, hiyo nafasi usiirudishe haraka."

Karani sasa ndio akaamka. Mashine ilikuwa imewachanganya. Akasema atawabadilisha mwenyewe. "Msiguse kitu. Mngoje meseji."

Nikangoja. Kesho yake, kimya. Stellah akanipigia.

"We Kanini, utangoja hadi hawa watoto waote mvi? Nimeingia saiba hapa Corner. Lazarus, mwenye hizi kompyuta, ameomba wabadilishane, na imekubali hapo hapo."

"Mama Mwendwa, si tuliambiwa tusiguse?"

"Na wewe unaamini karani?"

Nani huamini karani?

Siku ya kuripoti, Mwendwa akafika kwa geti ya shule ya wasichana na sketi mpya na sanduku. Mwalimu akaangalia tablet, akamwangalia, akarudi kwa tablet.

"Hapa uko shule ya wavulana."

Karani, kumbe, alikuwa amefanya kazi yake. Aliwabadilisha. Halafu Lazarus naye akawabadilisha tena.

Tulikuwa tumerudi pale pale.

"Ombeni kuhama," mwalimu akasema. "Lakini mtandao umefunga maombi."

Mwendwa akaweka sanduku chini.

"Mwalimu, niangalie," akasema. "Mimi ni boi?"

Mwalimu akamwangalia. Kisha akafunga tablet.

"Ingia darasani. Hii mashine nitapigana nayo mimi."

Bado anapigana nayo. Mwendwa anasoma, ako sawa, lakini mimi naletewa meseji za shule ya wavulana kwamba mtoto wangu hajaonekana. Boi naye alipokelewa hivyo hivyo kwa wavulana, na Stellah anaambiwa na shule ya wasichana kijana wake alete sketi mbili.

Tuliambiwa masomo yamebadilika, eti siku hizi mtoto anaangaliwa vile alivyo.

Sawa. Basi mwangalieni.