Waya wa Taa za Msiba

Baba alipofariki, pikapu yake ilikaa uani hapa Kilosa mpaka arobaini ikapita. Baada ya kisomo nikajaribu kuiwasha. Kimya. Tukapeleka betri ikachajiwe, gari likawaka, lakini hatukufika mbali likazimika. Mara ya pili vilevile.

"Gari limemfuata mwenyewe," akasema baba mdogo. "Kesho anakuja mnunuzi kutoka Mikumi. Atalikata, auze vyuma chakavu."

Lakini pikapu ile ndiyo iliyobeba vitunguu vyetu, na kitini bado palikuwa na bonde la mgongo wa baba.

Asubuhi niliazima kipima umeme kwa fundi redio. Betri, iliyokuwa imechajiwa tena, ilikuwa nzima: volti kumi na mbili na nusu. Nikawasha injini. Baba alinifundisha kwamba injini ikinguruma namba lazima ipande ikaribie kumi na nne, maana alteneta inairudishia betri umeme. Haikupanda. Ikaanza kushuka.

"Si nilikwambia?" Baba mdogo alikuwa mlangoni na kikombe cha chai. "Alteneta imekufa. Acha kuliombea dua."

Nikagusa mkanda wa alteneta kwa macho tu. Ulikuwa umekaza, unazunguka. Nikapima kwenye alteneta yenyewe, namba ikaruka! Na moyo wangu ukaruka. Umeme ulikuwepo, ila haukufika kwenye betri. Nikazima injini, nikaufuata waya kwa kidole mpaka nyuma ya betri. Ncha yake ilikuwa imeviringishwa tepu nyeusi, nadhifu kabisa.

"Baba mdogo, tepu hii ya nani?"

Akainama, akatazama.

"Si tuliitoa betri kuwashia taa za turubai siku za msiba? Wakati wa kuirudisha nikajua huo ni waya wa taa. Nikaufunga usije ukaunguza mtu."

"Umeufunga ukafungika!"

Tukacheka wote wawili. Nikatoa tepu, nikasugua ncha, nikaikaza kwenye betri, nikawasha. Kumi na tatu. Kumi na nne!

"Kuna nini huko?" mama akauliza kutoka ndani, alikokaa eda.

"Linachaji, mama! Linachaji!"

Mnunuzi alitukuta tukipakia vitunguu.

"Liko wapi hilo bovu?"

"Bovu lipi?" akasema baba mdogo. "Panda nyuma, tunakwenda Mikumi."

Niliwasha taa zote mchana kweupe. Tulipofika Mikumi zilikuwa bado zinawaka.