Mayai Yaliyopikwa Bila Maji

Maikrowevu ya kwanza niliyoiona maishani ilifika nyumbani kwetu Newala ikiwa imeviringishwa ndani ya godoro. Mume wa dada yangu alikuwa Masasi, mmoja wa wale wanunuzi binafsi wa korosho waliochipuka wakati wa ruksa, biashara ilipoachiwa huru, na kila alipokwenda Dar es Salaam alirudi na kitu ambacho hakuna aliyekiulizia. Safari hiyo alimletea mama yangu zawadi ya mkwe. Alimleta na dada mwenyewe, mimba ya miezi sita, kwa kuwa kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa binti.

Shemeji aliiweka juu ya kabati la sebuleni, akachomeka waya, akapasha kiporo cha ugali mbele yetu. Aliyafanya yote hayo kwa haraka, kisha akarudi kusimama mlangoni, maana mkwe hakai ovyo mbele ya mama mkwe.

"Mama, hii haitaki moto wala maji," alisema.

"Haitaki maji?" Mama akauliza.

"Hata tone."

"Basi asante, baba. Mungu akuzidishie."

Habari ya moto haikumgusa. Kuni tulikuwa nazo. Lakini maji! Asiyekaa Newala hawezi kujua neno lile lilivyoingia masikioni mwetu. Uani tulikuwa na kisima cha saruji kilichojaa mvua za masika kutoka kwenye bati, na kutoka hapo kilikuwa kinapungua tu mpaka mvua nyingine. Kilikuwa na mfuniko wa chuma na kufuli, na ufunguo Mama aliufunga kwenye pindo la kanga yake, akalala nao, akaenda nao shamba. Maji ya kuoshea mchele yaliosha vyombo, ya vyombo yakaenda kwenye mpapai. Jirani akikuomba chumvi unampa na maneno mazuri juu yake. Akikuomba maji, mnatazamana.

Maikrowevu ilishonewa kitambaa cha kufuma, ikawa pambo. Umeme wenyewe ulikuwa wa jenereta la mji, ulikuja na kuondoka kwa saa zake, kwa hiyo boksi lile, kama Mama alivyoliita, lilifanya kazi ya kupasha chai ya wageni ambao tulitaka walione.

Dada alikuwa amekuja na jambo alilonificha kwa wiki nzima. Nililigundua mwenyewe siku tuliyokuwa tunabangua korosho, nilipoona viganja vyake. Vilikuwa vyeupe. Mimi nina hasira za karibu, na nilimuuliza kwa ukali alikuwa anaumwa nini. Ndipo akasema kwamba walipopita Ndanda, hospitali, alipimwa akaambiwa damu yake iko chini sana. Alipewa vidonge, akaambiwa ale maharage, mboga za majani, maini akiyapata, na kila siku yai. Arudi baada ya majuma matatu. Ikiwa damu haitapanda, alazwe, na ndugu wajiandae kumtolea damu, kwa sababu akizaa hivyo alivyo anaweza asirudi na mtoto, au mtoto asirudi na yeye.

"Umemwambia Mama?"

"Nitamwambiaje? Kuna yai pale katikati."

Ilikuwa kweli. Kwetu mjamzito hali yai. Akila, mtoto atazaliwa kipara, na wengine wanasema atakuwa mkubwa asiweze kupita. Mama hakuwa mtu wa kuamini kila kitu, lakini kwenye miko ya uzazi hakucheza. Asubuhi ya kwanza tu baada ya dada kufika, mayai ya kuku wetu yalihamishwa kutoka jikoni yakapelekwa chumbani kwa Mama, chini ya kitanda. Wala dada asingeweza kwenda kula kwa jirani. Mjamzito wa Newala akila yai nyumba ya tatu, habari inamtangulia kufika nyumba ya kwanza.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na nilijiona nina akili kuliko wote pale nyumbani. Nikamwambia kazi hiyo niachie mimi. Nilikwenda kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyefuga kuku wa kisasa, nikanunua mayai sita, nikasema ni yangu. Yalibaki kuyapika. Jikoni kulikuwa uani, macho ya kila mtu yanapita. Na kuchemsha kunataka maji, na maji yana kufuli, na Mama angeuliza sufuria ni ya nini. Ndipo nikalikumbuka boksi. Halina moshi, halina harufu, na shemeji alikwisha sema mbele ya wote kwamba halitaki maji hata tone.

Leo nikisimulia, watu wa mjini wananicheka: yai kavu kwenye maikrowevu? Wao wangeweka bakuli la maji bila kufikiri. Sisi tulifikiri sana. Kwetu mtu akikuambia kitu fulani hakitaki maji, humsaidii kwa kukiongezea.

Mama alikwenda shamba kuokota korosho. Umeme ulipokuja saa nane mchana, nilitoa kitambaa, nikaweka mayai mawili kwenye sahani, nikazungusha kitufe mpaka dakika tatu. Tulisimama tukiangalia sahani inavyozunguka. Dada alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili. Alikuwa na hamu ya yai lile kama mtu mwenye kiu, nami nilijisikia vizuri sana.

Kabla ya dakika mbili ulitokea mshindo. Mlango wa maikrowevu ulifunguka wenyewe, na yai moja likawa pazia, likawa kabati, likawa kitambaa cha kufuma. Nilichomoa waya. Yai la pili lilikuwa limetulia kwenye sahani, zima, halina hata ufa.

"Hili limesalimika," dada akasema.

Alilishika kwa upindo wa kanga, akaligonga ukingoni mwa kabati, akalimenya haraka haraka. Nilimwambia asubiri lipoe. Sikumwambia kwa sauti ya kutosha. Alipolitia jino likamlipukia mdomoni.

Sijasahau ukelele ule. Mama alikuwa ndiyo kwanza anatua kikapu uani, aliingia na majani kichwani. Alimwona dada amejishika kidevu, akaniona na mimi nimeshika dawa ya meno ninayotaka kumpaka. Aliipiga ikaruka, akamshika dada mkono, akamtoa nje. Akafungua pindo, akafungua kufuli. Alichota ndoo nzima, akamkalisha chini na kuanza kummwagia kwa kata, taratibu, midomo, kidevu, shingo, na maji yakaenda zake mchangani bila chombo cha kuyakinga. Ndoo ilipokwisha alichota nyingine. Nilisimama pale nikiyaangalia yakipotea, nikaogopa kuliko nilivyoogopa mlipuko.

Alipoona ngozi haijatoka, alirudi sebuleni, akalitazama pazia.

"Nani alikuwa anakula yai?"

"Mimi," nikasema.

"Na mdomo ulioungua ni wa nani?"

Dada akaanza kulia, na katikati ya kulia akasema yote: Ndanda, vidonge, damu, majuma matatu ambayo moja lilikuwa limekwisha kwa kujificha. Mama alimsikiliza bila kumkatisha. Kisha alikigeuza kiganja cha dada, akakitazama, akamvuta kope la chini kwa kidole, akatazama na hapo.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Ulikuwa unamngoja nani akuone?"

Kwa kunaswa na yai nilikuwa tayari, hata kwa kofi. Kwa utulivu ule sikuwa tayari. Mama aliniuliza yamebaki mangapi, nikasema manne, akanituma niyalete. Nilimkuta jikoni ameshawasha moto. Aliyapanga kwenye sufuria ndogo, akatia maji mpaka yakafunikwa, kisha akaongeza kidogo, maji masafi ya kisimani ambayo hayakuwa yameosha kitu chochote. Tulikaa watatu tukisikiliza mayai yanavyogongana. Dada midomo ilikuwa imevimba, hawezi kusema. Mimi, kwa ubishi wangu, sikuweza kunyamaza.

"Mama, si ulisema mtoto atazaliwa kipara?"

Mama alikuwa anageuza yai kwa kijiko. Hakuniangalia.

"Kati ya dada yako na wewe palikuwa na mtoto," alisema. "Mimi miko niliishika yote. Yai sikulionja, hata la kuambiwa na nesi. Damu yangu nayo ilikuwa maji matupu, wakaniambia, nikanyamaza. Akazaliwa ana nywele nyingi, nyeusi, zimemfika shingoni. Wanawake wakaja kuzishika, wakasema nimejitunza."

Alilitoa yai kwenye sufuria, akalitia kwenye maji ya baridi, akaanza kulimenya.

"Tukamzika nazo."

Alilikata yai vipande vidogo ili lisiguse pale palipoungua, akanyunyiza chumvi, akamlisha dada kwa mkono wake kama mtoto, na kila kipande alisubiri kimezwe ndipo akashika kingine. Lilipokwisha akatoa la pili.