Sura ya Mume

Juzi, kwenye steshenari moja ya Buseresere, nilisubiri kuchapiwa safu hii huku nimenuna. Mama aliyenitangulia alikuwa anamsomea mchapaji hadithi aliyoitunga. Sura ya kwanza anasema mke: mume alikwenda Rwamgasa kuchimba dhahabu, akamsahau, mwongo yule. Ya pili anasema mume: "Duara letu, shimo tunalochimba, halijatema hata chembe. Nitarudije mikono mitupu, watoto wananipekua mifuko?"

Mchapaji akacheka. "Mama, si huyu uliyemwita mwongo?"

"Pale alikuwa anasema mke."

Nikadakia, mimi na mdomo wangu: "Chagua mmoja basi. Msomaji amwamini nani?"

Akanigeukia taratibu, akikaza kitenge kiunoni. "Shikamoo, baba. Mume wangu yuko huko kweli, na simu hapokei. Nikiandika upande wangu, namchukia. Nikiandika upande wake, namsikia hadi anavyokohoa."



Mchapaji akauliza kama aandike "Mwisho" chini ya ukurasa.

"Acha kwanza. Bado anaongea."

Nikavuta stuli, nikakaa. Safu imechelewa kwa sababu hiyo. Mhariri akikasirika, na akasirike.