Waliposema Fahamu za Chausiku Zimepooza

Chai iligoma kukaa mdomoni mwa Chausiku.

Akajifuta, akanywa tena. Ikamwagika tena, upande ule ule wa kushoto.

Mama mkwe wake, Bi Hamisa, akamkazia macho. "Mwanangu, hebu cheka nikuone."

Akacheka. Mdomo ukaenda kulia, jicho la kushoto likabaki wazi. Hata alipolilazimisha halikufumba.

Siku hiyo hiyo walipanda basi pale Mkata mpaka hospitali, Korogwe. Chausiku alimbeba mgongoni mtoto wake mchanga. Daktari akamwambia ainue nyusi, anyooshe mikono, atembee kidogo. Nje foleni ilikuwa haishi.

"Si kiharusi. Mshipa wa fahamu wa usoni umepooza. Meza dawa hizi, jicho ulilinde, urudi kliniki."

Akaita mwingine.

Wakapanda basi la kurudi. Njiani kila mmoja alikuwa na neno lile lile kichwani, akiogopa kwamba maana yake ni akili. Fahamu.

Walipofika nyumbani, Bi Hamisa akamfungua mtoto mgongoni kwa Chausiku. "Huyu atalala kwangu. Akitaka kunyonya nitamleta, nami nitakaa hapo hapo."

"Mama, mimi mzima."

"Wote huanza kwa kusema hivyo."

Chausiku akamgeukia mumewe, Awadhi. Awadhi akainamisha macho.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia kweli. Akawa anajipima. Akipukuchua mahindi, anataja moyoni majina ya majirani. Akisahau moja, anaanza upya. Siku aliyotia chumvi mara mbili kwenye kisamvu, aliacha kupika, akaketi chini. Ndiyo inaanza, akawaza. Mtoto akilia chumba cha pili, anaogopa kumwendea asije akamdhuru.

Asubuhi moja akasimama mbele ya mkwewe. "Mama, kama narukwa na akili, daktari aniambie mwenyewe. Twende."

Safari hii walimkuta daktari mwingine, mama mtu mzima. Aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Mshipa wa fahamu ni jina tu, wengine huuita neva. Ndio unaopeleka habari kati ya ubongo na mwili. Huu wako unachezesha uso. Akili yako haijaguswa kabisa. Wengi hupona, ila taratibu. Mchukue mwanao."

Chausiku akampokea mtoto kutoka mikononi mwa Bi Hamisa, akamng'ang'ania.

Bi Hamisa hakuinuka kitini. "Daktari, na waliopinda uso hivi zamani? Nao akili zao zilikuwa nzima?"

"Kama ni ugonjwa huu, zilikuwa nzima."

Bi Hamisa akasema polepole, "Mdogo wangu Maryamu aliachika kwa uso huu huu. Tulimnyang'anya watoto, tukasema kichaa. Yuko Kwaluguru, peke yake."

Stendi, basi la kurudi Mkata lilikuwa linaita abiria. Bi Hamisa akalipita, akaenda kuulizia gari la Kwaluguru.

Wewe unayesoma, neno la hospitali usiondoke nalo nusu. Uliza pale pale, hata foleni ikinuna. Kuna mtu anaweza kunyang'anywa maisha yake kwa neno ambalo hakuna aliyeuliza maana yake.