Mia Nne wa Getini

Abiria wa kivuko walimwita Mia Nne, na wengi wao hawakuwahi kujiuliza kama ana jina jingine. Kivuko kiliruhusiwa kubeba watu mia nne, basi, na yeye ndiye aliyekaa getini kuwahesabu. Alikuwa na kimashine cha chuma kilichoenea kiganjani: unabonyeza kwa kidole gumba, namba inaruka. Kwa miaka kumi na saba alibonyeza kwa kila kichwa kilichopita mbele yake, hata mtoto aliyelala mgongoni kwa mama yake, na namba ilipofika mia nne alisimama, akavuta geti, akatia komeo. Hapo hata kama mguu wako mmoja ulikuwa ndani, uliutoa.

Watu walimchukia bila kificho. Asubuhi, saa za kuwahi kazini, alitukanwa kabla hajasalimiwa. Walisema hana mtoto, ndiyo maana hana huruma. Walisema kivuko ni cha baba yake. Yeye alijitia hamnazo, akakaza macho kwenye maji kungojea kivuko kirudi, na safari iliyofuata aliwafungulia walewale waliomtukana, akaanza upya: moja, mbili, tatu.

Ukali ule hakuzaliwa nao. Mwaka wake wa kwanza kazini, nahodha mmoja mnene, mvuta sigara, alimshika mkono akampeleka ukingoni mwa gati na kumwonyesha mstari mweupe uliopakwa ubavuni mwa kivuko. Alimwambia kwamba mstari ule ukionekana juu ya maji, yeye ni nahodha. Ukizama, yeye ni abiria kama wengine, na tena ni abiria asiyejua kuogelea. Binti wa watu alicheka, lakini yale maneno yalimwingia. Tangu siku ile kila alipofunga geti alichungulia kwanza ule mstari.

Aliishi katika nyumba aliyoacha marehemu baba yao, vyumba vinne na ua mmoja wenye bomba. Upande wa kulia alikaa yeye na mama yao. Upande wa kushoto alikaa mdogo wake wa kike na mumewe, fundi cherehani, pamoja na binti yao aliyekuwa kidato cha tatu. Ukuta uliowatenganisha ulikuwa mwembamba kiasi kwamba upande mmoja akikohoa, upande wa pili unampa pole.

Alimpenda shemeji yake. Ndiye aliyempunguzia suruali za sare, maana ofisi ilileta sare za wanaume watupu na kumwambia ajitafutie namna. Kila asubuhi alipopita barazani, fundi alikuwa tayari kwenye cherehani, uzi mdomoni, na utani wake ulikuwa uleule: "Shemeji, mimi uniwekee nafasi moja." Naye alimjibu kwamba apange foleni kama wenzake.

Jumanne moja, kivuko cha pili kilikuwa kwenye matengenezo, na kile kimoja kilichobaki kilikuwa kinafanya kazi ya viwili. Saa moja na nusu asubuhi banda la kusubiria lilikuwa limejaa hadi barabarani. Mia Nne alibonyeza, akabonyeza, ikafika mia nne. Akavuta geti. Ndipo aliposikia anaitwa dada kwa sauti anayoijua.

Mdogo wake alikuwa anapasua umati, na nyuma yake dereva wa teksi alikuwa amemshika fundi kwapani. Shemeji yake aliyemwacha alfajiri ile akiwa mzima alikuwa na uso wa rangi ya majivu, shati limelowa jasho kama aliyenyeshewa. Mdogo wake alimweleza kwa kifupi: kifua kilimbana ghafla akiwa kwenye cherehani, zahanati ya mtaani imewaambia wakimbie hospitali kubwa, na hospitali kubwa iko ng'ambo. Gari la wagonjwa wamelipigia simu halijatokea. Kulizunguka hori, ule mkono wa bahari, kwa barabara ni saa mbili na nusu.

"Fungua, dada," alisema. "Ni sisi wawili tu."

Mia Nne aliangalia kimashine mkononi. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aligeukia waliokwisha kupita, akapaza sauti kwamba hapa kuna mgonjwa mahututi, anaomba watu wawili washuke, na safari ijayo watakuwa wa kwanza. Waliokuwa karibu walimsikia vizuri. Mmoja alitazama simu yake. Mwanamke mmoja alivuta begi lake karibu na miguu. Mwanamume mwenye tai alijibu kwamba yeye amepiga foleni tangu saa kumi na mbili na ana mkutano. Akaomba tena. Hakuna aliyesogea. Mtu mmoja nyuma kabisa akasema leo Mia Nne amepata ndugu, amekuwa na huruma, na watu wakacheka.

Huenda kile kicheko ndicho kilichomfunga. Huenda ni mstari, ambao alikuwa ameshauangalia na kuukuta vidole viwili tu juu ya maji. Baadaye mwenyewe hakuweza kusema. Alichokumbuka ni kwamba aliinua mkono kumpa nahodha ishara, na kivuko kikang'oa nanga.

Boti ndogo za kukodi zilikuwapo pembeni, lakini unazipanda kwa kushuka ngazi za mawe zenye utelezi, na mgonjwa hakuweza kupiga hatua. Wakabaki pale. Mia Nne alimketisha shemeji yake kwenye kiti chake cha plastiki, akamfungua vifungo vya shati, akampepea kwa jalada la daftari la safari. Mdogo wake alisimama amewapa mgongo. Fundi alifumbua macho mara moja, akamtazama, akajaribu kutabasamu.

"Si nilikwambia uniwekee nafasi," alisema.

Kivuko kilirudi baada ya dakika arobaini na tano. Shemeji yake alikuwa wa kwanza kupanda. Alimbonyezea moja. Hospitalini mume na mke walipewa benchi la ukumbini wangoje daktari, na kwenye benchi hilo, kabla ya saa nne, fundi alikata roho.

Msibani Mia Nne alipika, akaosha vyombo, akapokea wageni. Mdogo wake hakumsemesha. Siku ya tatu, watu walipopungua, alimfuata chumbani na kuanza kuomba msamaha, na maneno hayakumtoka vizuri, akajikuta anaeleza habari za uzito na mstari na sheria. Mdogo wake alimwacha amalize.

"Ulimhesabu mume wangu kama mtu wa barabarani," alisema. Akalala, akajifunika kanga hadi kichwani.

Kuanzia hapo mama yao ndiye aliyekuwa posta. Mwambie dada yako bomba linavuja. Mwambie mdogo wako nimelirekebisha. Wote wawili walikuwa palepale uani, hatua nne kati yao, na kikongwe katikati anarudia maneno yaliyokwisha kusikika, hadi siku moja akachoka na kuwaambia kwamba yeye ana miaka sabini na tisa na hakuajiriwa na mtu.

Mia Nne alikwenda hospitali, akamtafuta daktari wa zamu ya siku ile, akamuuliza kama zile dakika arobaini na tano ndizo zilizomuua mtu. Daktari alikuwa kijana, amechoka. Alisema pengine ndiyo, pengine hapana, kwa moyo wa namna ile hakuna anayeweza kujua. Alitoka pale na mzigo uleule aliokwenda nao, ila sasa hakuwa na mahali pengine pa kuupeleka.

Kazini, habari zilimfikia msimamizi wa kituo, naye akaona ni jambo la kujivunia. Aliandika barua ya pongezi na kuibandika kwenye ubao wa matangazo, na picha ya Mia Nne juu na maneno: mfanyakazi asiyejua ndugu wala rafiki. Mia Nne alimwomba aibandue. Msimamizi alidhani ni unyenyekevu, akamcheka, na barua ikakaa pale.

Ilikuwa bado ipo wiki ya saba baada ya msiba, ng'ambo ilipokuwa na mkutano wa hadhara wa mheshimiwa mmoja. Tangu saa mbili asubuhi mabasi yalishusha watu waliovaa fulana za rangi moja, wanaimba, wanapiga vuvuzela. Mia Nne alihesabu mia nne, akafunga. Dakika mbili hazikupita, msimamizi wa kituo alikuja mwenyewe, jasho linamtoka.

"Fungua," alisema. "Hawa wote waende pamoja, mheshimiwa anawasubiri."

"Imefika, bwana."

"Nimesema fungua. Leo nahesabu mimi."

Alichomoa komeo kwa mkono wake. Watu wakamiminika. Mia Nne alibanwa kwenye nguzo ya geti, na kidole gumba, kwa mazoea tu, kikaendelea kubonyeza. Walipokwisha kupita, namba ilisoma mia tano thelathini na saba. Akachungulia ubavuni mwa kivuko. Hakukuwa na mstari wowote wa kuona.

Kivuko kiling'oa nanga, kizito, kikienda kama mtu aliyeshiba kupita kiasi. Alisimama ukingoni akakifuata kwa macho mita kwa mita. Na pale aliposimama akagundua kitu ambacho hakumwambia mtu kwa muda mrefu: alikuwa anaomba kiyumbe. Si kizame, hapana, hakutaka roho ya mtu. Kiyumbe tu, kilale upande mmoja kidogo, watu wapige kelele, ionekane kwamba mia nne ni mia nne kwa sababu, na kwamba shemeji yake hakuachwa kwenye kiti cha plastiki kwa ajili ya namba tupu. Kivuko kilivuka. Kikafika. Watu wakashuka wanaimba. Alijichukia kwa lile ombi, na alijichukia zaidi kwa kuwa lilimwacha na masikitiko.

Jioni ile picha za kivuko kilichofurika zilikuwa kwenye simu za mtaa mzima. Alipoingia uani, mdogo wake alikuwa kwenye bomba, anajaza ndoo. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki saba alimtazama usoni.

"Kumbe kinabeba," alisema. Akabeba ndoo yake, akaingia ndani.

Kesho yake Mia Nne alifungua daftari la safari na kukuta safari ile imeandikwa abiria mia nne. Alikwenda ofisini kwa msimamizi kuomba irekebishwe. Msimamizi alimuuliza anatafuta nini hasa, watu walivuka salama, hakuna aliyelowa hata kidole, sasa anataka kumwaga unga wa mtu kwa ajili ya tarakimu? Hakubishana naye. Alirudi getini, akakata ile mia nne kwa kalamu, akaandika juu yake 537, akatia sahihi.

Hawakumfukuza. Walimhamishia stoo ya vitu vilivyosahauliwa, chumba kisicho na dirisha nyuma ya vyoo vya abiria, kukaa na miamvuli, viatu vya mguu mmoja na makopo ya chakula ambayo wenyewe hawakurudi kuyachukua. Barua ya pongezi ilibanduliwa siku hiyohiyo, na hilo ndilo jambo pekee alilopata bila kuomba mara ya pili. Getini wakawekwa vijana wawili, wakikaa kwa zamu. Abiria waliwapenda sana. Walikuwa waelewa.

Mwisho wa mwaka, binti wa mdogo wake alimjia chumbani. Mtoto huyu hakuwahi kuacha kumsalimia, ila alisalimia kwa haraka, akichungulia mlango wa mama yake. Safari hii aliketi kitandani, akamuuliza.

"Mama mkubwa, kama siku ile ningekuwa mimi, ungefungua?"

Alijua jibu linalotakiwa. Alijua pia kwamba upande wa pili wa ukuta cherehani iliyokuwa ikisikika ilikuwa imenyamaza. Mdogo wake alikuwa amejifunza kuiendesha, apate cha kula yeye na binti yake. Angeweza kusema ndiyo, na huenda neno lile moja lingefungua mlango. Lakini hakuwa amefunga geti mbele ya shemeji yake ili aje kulifungua kwa mdomo.

"Siku ile nisingefungua," alisema. "Leo sijui, mwanangu. Leo sijui kwa nini nilikuwa nafunga."

Binti aliitikia kwa kichwa, kama aliyeletewa kitu asichokiagiza. Akainuka, akaaga.

Juma lililofuata mdogo wake alihama. Alipata chumba cha kupanga ng'ambo, mtaa wa pili kutoka hospitali kubwa, akachukua cherehani, vitanda na binti yake. Mama yao alibaki na Mia Nne wiki mbili, kisha naye akaomba apelekwe. Alisema ni kwa sababu ya mjukuu, kwamba amezoea kumsuka nywele.

Walivuka Jumapili, mchana. Mia Nne alimshika mkono mama yake hadi gati la ng'ambo, ambako mdogo wake alikuwa anangoja. Mdogo mtu alimpokea mama, akapokea na begi, akashukuru, macho yakiwa kwenye begi. Kisha wakaondoka taratibu, mama akigeuka mara mbili.

Mia Nne alirudi na kivuko kilekile. Hakikuwa na watu wengi. Alipata kiti pembeni, akakaa.