Upande wa Nyuma wa Barua ya Rashidi

Ngoja niliseme leo kabla sijaingiwa na woga tena: yule dada wa duka la fotokopi pale Lizaboni hakukosea chochote. Miaka miwili nimemsingizia. Nimewaambia ndugu zangu, nimewaambia walimu wenzangu chuoni, nimemwambia hata wakili wangu huku akinitazama kama mtu anayekagua noti aliyoitilia shaka, kwamba dada yule ndiye aliyesahau kupiga kopi upande wa nyuma wa barua. Ukweli ni kwamba aliishika karatasi, akaigeuza, akaniuliza, "Na huku nyuma je, mama?" nami nikamjibu bila kupepesa macho, "Huko achana nako, hakuna cha maana." (Ndiyo, ni mimi yuleyule ninayeandika makala za uadilifu gazetini, na juma lile nilikuwa nimetoka kuwachamba wanafunzi wanaoibia mitihani.)

Barua hiyo ilihusu nyumba aliyoniachia marehemu baba mtaani humohumo Lizaboni, vyumba vitatu na kibaraza, na kwa miaka saba alikaa humo Rashidi, fundi cherehani kutoka Nalasi, pamoja na mke wake na watoto. Mimi Mngoni, yeye Myao, kwa hiyo tulikuwa watani, na utani wetu haukuwa wa kubahatisha. Siku tunamzika baba, Rashidi alijilaza chali mbele ya jeneza akasema halipiti mtu mpaka Wangoni watoe jogoo, tukacheka tukiwa na machozi usoni, jogoo akatolewa, na nadhani bila kicheko kile nisingefika makaburini kwa miguu yangu. Mimi nami kila Idi nilimpelekea sahani ya biskuti za nazi na juu yake karatasi iliyoandikwa vizuri, yenye kichwa cha habari na sahihi: NOTISI YA KUFUKUZWA KATIKA NYUMBA. Sababu zilikuwa zinabadilika. Mwaka mmoja nilimfukuza kwa kosa la kunenepa bila idhini ya mwenye nyumba. Alizibandika zote ukutani juu ya cherehani yake, na wateja walikuwa wakizisoma huku wakisubiri kupimwa suruali.

Mama yangu alikuwa kijijini Lusewa, mbali na hospitali. Akaanguka uani akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, na daktari akanieleza kwa upole ule unaotisha kwamba mfupa utaunga, lakini mguu usipofanyishwa mazoezi hospitalini mara mbili kwa wiki, tena mapema, mama hatatembea tena. Kutoka Lusewa haiwezekani. Kwangu haiwezekani, maana nilikuwa nakaa ghorofa ya tatu katika nyumba za chuo, ngazi nyembamba ambazo hata mimi mwenye nyonga zangu mbili nazipanda kwa kupumzika. Iliyobaki ilikuwa nyumba ya Lizaboni.

Mtu mwenye akili angekwenda pale kibarazani, akaketi kwenye kiti cha wateja, akasema, "Rashidi, mama anaumwa, nahitaji nyumba." Maneno matano tu. Lakini katika miaka saba sikuwahi kuzungumza na Rashidi sentensi moja isiyo na tusi ndani yake, na kila nilipojaribu kuitunga niliona haya, kama mtu anayetaka kumpa mkono wa heshima mdogo wake wa tumbo moja. Basi nikafanya walichonifundisha chuo kikuu: nikaandika. Notisi ya miezi mitatu, rasmi, yenye tarehe na sahihi, bila mzaha hata chembe, nikampa jirani ampelekee.

Jibu lake lilikuja baada ya siku mbili, kwa mwandiko wake wa kulala. Upande wa mbele uliandikwa hivi: "Mimi Rashidi, mpangaji wako, nimepokea notisi yako. Sina ubishi wowote. Nyumba ni ya kwenu na nakubali kuhama kabla ya tarehe uliyoitaja." Ukigeuza: "Ila Wangoni mtangulie, maana ninyi ndio wageni wa siku nyingi, mlikuja kwa miguu kutoka Afrika Kusini na hata hodi hamkupiga. Mkishafika kwenu mniandikie barua, nami nitafunga mizigo. Notisi ya safari hii haina hata biskuti, mwandishi amefilisika. Wako, Myao."

Nilicheka. Sitaki kuficha hilo, nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikashika meza. Halafu nikaigeuza tena karatasi, nikausoma upande wa mbele peke yake, na kicheko kikakatika.

Miezi mitatu ikapita, Rashidi hakuhama (kwa nini ahame?), na mama kule Lusewa akaanza kuniambia kwenye simu kwamba mguu umekuwa kama gogo la mtu mwingine. Nikaenda kwa wakili, mwanamke wa rika langu anayeitwa Adelina, mkavu, asiyepoteza neno. Akanieleza kwamba kesi ya kumtoa mpangaji ikifuata njia ya kawaida, yenye mashahidi na maahirisho, inaweza kula mwaka na zaidi. Ila kuna njia fupi. Mpangaji akiwa amekiri kwa maandishi, hakuna tena cha kubishania, kwa hiyo tunaliomba baraza la ardhi na nyumba litoe hukumu hapohapo bila kusikiliza shahidi hata mmoja.

"Unayo maandishi yake?"

Ndipo nikaenda kwenye fotokopi, na yaliyotokea huko mmekwisha kuyasikia.

Adelina aliisoma ile kopi mara mbili. "Imekaa vizuri mno," akasema. "Huyu bwana ana akili timamu?"

"Timamu kabisa."

Akaniandikia kiapo, kwamba nyumba naihitaji kwa ajili ya mama aliyevunjika nyonga, kwamba barua niliyoiambatisha ni jibu kamili la mpangaji na kwamba kati yetu hakuna uhusiano mwingine zaidi ya upangaji. Nikaweka sahihi. Sikusita hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Siku ya shauri chumba kilijaa. Kulikuwa na watu wa mashamba, watu wa mipaka, na wanafunzi wawili wa chuoni kwetu waliofuata mambo ya urithi wao, wakanisalimia "Shikamoo, mwalimu" kwa furaha ya kumkuta mtu wanayemjua. Mbele alikaa mwenyekiti, mtu wa Kagera aliyehamishiwa kwetu mwaka ule, na kila upande wake mzee mmoja wa baraza: kushoto mwalimu mstaafu, kulia mama mtu mzima wa Kingoni mwenye miwani iliyofungwa kamba. Rashidi alikuwa benchi la nyuma, amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na utepe wa kupimia shingoni. Nilimkwepa macho. Mkobani nilikuwa na barua yenyewe, kwa sababu Adelina aliniagiza nisije barazani bila karatasi halisi, na mkoba ule nilikuwa nimeukumbatia kama mtu aliye stendi ya mabasi.

Adelina akasimama, akasema yake kwa dakika tano, safi. Mwenyekiti akatikisa kichwa kama anayekubali. Nikaanza kuona kitanda cha mama ndani ya kile chumba cha mbele, nikaona anatoka kwa magongo mpaka barabarani, na kwa kweli nilikuwa nimeanza kupumua pale mwenyekiti aliponigeukia.

"Mama, mdaiwa ameandika kwenye majibu yake kwamba ninyi ni watani na kwamba barua hii ilikuwa utani. Mimi si mtu wa huku. Upo utani kati yenu?"

"Hapana, mheshimiwa. Yeye ni mpangaji, mimi ni mwenye nyumba."

Yule mama wa baraza akainua miwani akanitazama.

"Mdaiwa, una la kusema?"

Rashidi akasimama taratibu. Hakuwa na wakili. Akakohoa, akaitazama meza kuu, kisha akanitazama mimi, na nikaona kona ya mdomo wake inacheza, ile kona ninayoijua kwa miaka saba.

"Mheshimiwa, mimi naomba tu shauri liende haraka. Maana Mngoni akiona watu wengi wamekaa kimya hivi anadhani ni msiba, sasa hivi atauliza ubwabwa unapakuliwa saa ngapi."

Na mdomo wangu, mdomo huu uliosomeshwa kwa kodi za wananchi, ukajibu kabla sijaufikia:

"Kaa chini, Myao wewe, uliyeingia mjini na korosho shukani ukauliza benki wanazipokea dirisha la ngapi!"

Chumba kilipasuka. Watu wa mipaka na watu wa mashamba walicheka pamoja, nadhani kwa mara ya kwanza tangu washtakiane. Wanafunzi wangu waliinamisha vichwa mpaka magotini, mabega yanaruka. Yule mama wa baraza alijifunika uso kwa kitenge. Adelina peke yake hakucheka, alifunga faili lake taratibu na kuweka kalamu juu yake.

Karani akauliza, "Mheshimiwa, na hilo niandike?"

"Andika kama lilivyosemwa," mwenyekiti akasema. Naye hakuwa anacheka.

Rashidi alikuwa bado amesimama, na sasa sauti yake ilikuwa nyingine. "Mheshimiwa, naomba aoneshe karatasi yenyewe. Hii niliyoletewa ni upande mmoja. Mimi niliandika pande mbili."

"Mama, unayo barua halisi?"

Ningeweza kusema ipo nyumbani. Niliufikiria uongo huo, nikaupima, nikaona hata miguu yangu haitaki kuusimamia. Nikafungua mkoba. Zipu ilikwama (zipu zina akili zake), watu wote wakaingojea, nikaitoa karatasi nikaiweka mezani, upande wa mbele juu, na sijui nilitarajia nini, labda muujiza. Yule mama wa baraza akanyoosha kidole kimoja akaigeuza. Akaisoma yote kwa sauti, polepole, biskuti na Afrika Kusini na kila kitu. Safari hii hakucheka mtu.

"Nani alitoa kopi hii?" mwenyekiti akauliza.

"Ni dada wa dukani, mheshimiwa. Alisahau upande wa nyuma."

Hapo ndipo uongo ule ulipozaliwa, na mwenyekiti akanieleza, kwa utulivu kabisa, kwamba kusema uongo ndani ya kiapo ni kosa la jinai, kwamba angeweza kulipeleka jambo hili mbele, na kwamba kwa leo ataniachia onyo kwa sababu haoni ushahidi kwamba nilikusudia. Maombi ya hukumu ya njia fupi yametupwa. Shauri litasikilizwa kwa mashahidi, na tarehe ya karibu iliyokuwepo ilikuwa ya miezi mitano mbele. Miezi mitano. Nilimwona mama amelala na lile gogo lake.

Kabla hatujatoka Rashidi aliomba kuongeza neno moja. "Nimesoma kwenye kiapo kwamba bibi amevunjika nyonga. Mimi bibi ni mtani wangu pia. Hakuna aliyeniambia." Akaketi.

Nje Adelina alinipita bila kusimama. "Dada wa dukani," akasema tu, akaingia kwenye gari.

Toka hapo nimeweka nadhiri mbili. Ya kwanza ni ndogo: karatasi yoyote nitakayopeleka kwenye mashine, hata kama nyuma ni nyeupe kama ugali, itapigwa pande zote mbili. Ya pili ni kwamba nikiwa na shida nitaisema kwa mdomo, kwa mtu anayehusika, hata kama itanilazimu kwanza nimtukane ndipo nipate njia. Hii ya pili nimekwisha kuivunja mara kadhaa, na mara ya kwanza ilikuwa siku nne tu baada ya shauri, asubuhi, Rashidi aliponipigia.

"Habari za asubuhi, mwalimu."

Nilitazama skrini kuhakikisha ni yeye. Hakuwahi kuniita mwalimu.

"Salama. Za kwako?"

"Nzuri, tunashukuru. Nimepata vyumba viwili kwa mtu mmoja upande wa sokoni. Jumamosi tunahama. Hakuna haja ya kusubiri ile tarehe, mgonjwa hasubiri. Ufunguo nitamwachia jirani, na choo mke wangu atakiosha."

"Rashidi..."

"Ila naomba kukuuliza, kama hutajali. Barua yangu ulipoisoma, ulidhani nimekubali kweli?"

Nilikuwa nimesimama pale jikoni, penye meza ileile. Nilikuwa na nafasi nzuri kuliko zote nilizowahi kupewa, hakuna mwenyekiti, hakuna karani, hakuna wa kucheka.

"Upande wa mbele ulikuwa umeandikwa wazi," nikasema.

 Nilisikia cherehani nyuma yake, mtu anamalizia kazi. Nikangoja anitukane, nikamwomba Mungu anitukane, aniambie lolote kuhusu biskuti, kuhusu ubwabwa, kuhusu Afrika Kusini.

"Haya, nimekuelewa, mwalimu," akasema. "Mpe mama pole zetu. Siku njema."

Akakata simu.